Kahawia Iliyothibitishwa

Seli za masti hukaa pale mwili unapopakana na ulimwengu: ndani ya ngozi, kwenye njia za hewa, kwenye ukuta wa utumbo. Paul Ehrlich alizieleza katika tasnifu yake ya udaktari huko Leipzig mwaka 1878, baada ya kuona kwamba zinashika rangi kwa namna ambayo seli jirani hazishiki. Zimejaa chembechembe, na katika chembechembe hizo, pamoja na histamini, imo triptasi, kimeng'enya kinachokata protini. Mtu akiumwa na nyuki, akavimba uso na kukosa pumzi, triptasi hupanda katika damu yake kwa saa moja au mbili, kisha hushuka.

Kazi ninayoisifu hapa ni ile ya kuitafuta triptasi palepale inapokaa, ndani ya kipande cha tishu, kwa kutumia kingamwili. Ni kazi ya mikono. Makala za utafiti huieleza kwa mistari michache, na jina la aliyeifanya mara nyingi huishia kwenye aya ya shukrani.

Tishu hulowekwa kwanza katika fomalini isioze, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyenye unene wa mikromita nne hivi. Kipande huelea juu ya maji ya uvuguvugu, na fundi hukiopoa kwa slaidi kikiwa kimetandazika bila kunjo. Nta ikishayeyushwa, kunabaki tatizo la fomalini yenyewe, ambayo huzifunga protini pamoja hata kingamwili nyingi zishindwe kulitambua umbo zinalolitafuta. Kwa hiyo tishu huchemshwa katika maji maalumu, au huachiwa kimeng'enya kingine kiilegeze kwa dakika chache. Dakika zikizidi, tishu inaliwa. Zikipungua, triptasi inabaki imefichika. Maelekezo ya kwenye chupa humfikisha fundi karibu tu. Kilichobaki anakijua kwa kuizoea tishu yake.

Kingamwili inayotumika ina historia yake. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walionyesha huko Cambridge jinsi ya kupata seli zinazotoa kingamwili ya aina moja tu, bila kikomo. Kwa njia hiyo Andrew Walls na wenzake wa Southampton walieleza, mwaka 1990, kingamwili zinazoitambua triptasi hata katika tishu iliyopita kwenye fomalini. Mojawapo, iitwayo AA1, bado inatumika katika maabara nyingi. Ikishashika, huwekwa kingamwili ya pili iliyobeba peroksidasi, kisha dawa ambayo peroksidasi huigeuza kuwa kahawia. Viini vya seli hupakwa bluu, na chini ya hadubini seli za masti hujitokeza moja moja.

Hapo ndipo fundi wa kweli hujitenga na mwenye haraka. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini katika kazi hii yako mawingu mengi yasiyo na mvua. Damu na baadhi ya seli zina peroksidasi zao wenyewe, zinazoweza kuleta kahawia bila kingamwili yoyote. Hizo hunyamazishwa mapema kwa hidrojeni peroksaidi. Seli za masti nazo zina mtego wao. Chembechembe zake zina heparini, yenye chaji kali, na heparini huishika avidini, protini iliyotumika kwa miaka mingi kuunganisha kingamwili na rangi. Asiyelijua hilo atazipata seli za masti hata akisahau kuweka kingamwili, na atafurahi bure.

Kinga ni slaidi za ulinganisho: moja isiyowekewa kingamwili ya kwanza, moja yenye kingamwili ya jamii ileile isiyolenga chochote katika tishu hiyo, na moja ya ngozi ambayo tunajua seli hizo zimo. Slaidi hizi hazipendezi, na ni nadra mtu kuzionyesha kwenye mkutano. Kwangu ndizo moyo wa ufundi huu, na picha iliyochapishwa bila hizo siiamini, hata ing'ae namna gani.

Hata kahawia iliyo safi ina mipaka. Inaonyesha triptasi ilipo, haionyeshi kama inakata kitu. Tena seli iliyokwisha kumwaga chembechembe zake huonekana hafifu, au isionekane kabisa. Iliyofanya kazi kubwa kuliko zote inaweza kuwa ndiyo isiyohesabiwa.

Kazi hii ikifanywa kwa uaminifu, huzaa maarifa makubwa. Mwaka 2002 watafiti wa Leicester walichapisha matokeo yao katika New England Journal of Medicine: katika wagonjwa wa pumu, seli za masti zilikuwa zimeingia ndani ya misuli laini ya njia za hewa, lakini kwa watu wenye afya, na kwa wagonjwa wa uvimbe mwingine wa njia za hewa usiobana pumzi, hazikuonekana humo isipokuwa kwa nadra. Ugunduzi huo ulisimama juu ya kuhesabu seli katika tishu, misuli ikilinganishwa na misuli.

Basi msomaji, ukikutana na picha za namna hii katika makala, zitafute kwanza slaidi za ulinganisho. Zikikosekana, waandikie waandishi uwaombe wazionyeshe.