Fundi wa Chane Mbichi

Mnana dume hachukui jani lolote analolikuta. Huyapita makuti makavu, akatua kwenye kuti bichi la mnazi, akasogea hadi karibu na mahali jani linapoanzia. Hapo huuma ukingo mara moja au mbili, kiasi cha kufanya pengo dogo, kisha hubana ncha iliyojitokeza na kuruka. Hana kisu. Uzito wake wa gramu 40 hivi na nguvu za mabawa yake ndivyo vinavyochana: jani linapasuka kwa kufuata nyuzi zake hadi mwisho, na ndege anaondoka na uchane mrefu mwembamba, wa upana uleule mwanzo hadi mwisho. Mahali penye minana wengi, makuti ya mnazi hubaki chelewa tupu. Wenye minazi hawapendi jambo hilo, na wana haki ya kutolipenda. Ila anayetazama kwa utulivu anaona jinsi mikato ilivyo sawa, na jinsi kilivyo kidogo kinachoangushwa chini bure.

Ndege huyu wengine humwita kwera. Dume wa Afrika Mashariki ana kichwa cheusi, jicho jekundu na mwili wa manjano. Jike amefifia, kijani cha mzeituni kwa juu na manjano kwa chini. Hupenda kujenga karibu na watu, kwenye minazi, kwenye mikwaju, kwenye mti wowote wenye vitawi vinavyoning'inia, na pasipo na minazi hutumia majani ya mabingobingo na nyasi nyingine ndefu. Sharti lake ni moja tu: chane ziwe mbichi. Uchane mbichi hupinda bila kuvunjika, na ukishakauka mahali pake hujikaza wenyewe. Kwa hiyo fundi anashindana na jua. Alichokifuma asubuhi hakifunguki tena kirahisi jioni, kiwe kimekaa vizuri au vibaya.

Fundo la kwanza ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa bado hakuna kitu cha kulishikilia. Dume huning'inia kwenye kijiti, akakanyaga ncha moja ya uchane kwa vidole vya mguu, akaizungusha ncha ya pili kwa mdomo. Anaisukuma chini ya mzunguko huo huku kichwa kikitetemeka harakaharaka, kama kwamba ncha ya uchane inapapasa kutafuta tundu. Ikipenya, anaiachia, anainamia upande wa pili, anaitafuta, anaikamata na kuivuta. Kisha anairudisha kwa kinyume. Mama anayesuka ukili ana vidole kumi na paja la kuwekea kazi. Huyu ana mdomo mmoja na mguu mmoja, maana ule mwingine unamshikilia yeye mwenyewe hewani. Mara nyingi uchane unateleza na kuanguka. Hauokoti. Anarudi kwenye kuti kuchana mwingine.

Mafundo yakishashika, kazi inakuwa pete. Chane zinateremka kutoka kwenye kijiti pande mbili, zinakutana chini, na dume anaingia katikati na kusimama kwenye upande wa chini wa pete. Tangu hapo hadi mwisho wa ujenzi hutazama upande uleule. Mbele yake anafuma chumba cha mayai, akikisukuma nje kwa kifua na kuongeza chane hadi pale mdomo unapofika. Kisha, bila kugeuka, anapinda kichwa kwenda juu na nyuma, anafuma ukumbi mdogo nyuma ya mgongo wake, na kuishusha kingo yake mpaka mlango utazame chini. Pete inabaki katikati kama kizingiti kinachozuia mayai yasibingirike nje. Hakuna kijiti cha kupimia wala alama; kiota kinakuwa na ukubwa wa mwili unaokijenga, na ndiyo maana viota vya koloni nzima ya minana vinafanana sana.

Dari huifanyia kazi ya aina nyingine. Hapo hatumii chane ndefu, bali vipande vifupi vipana vya majani, na havifumi. Anavichomeka kwa ndani, kimoja juu ya kingine, mpaka mwanga usipenye tena. Ni hatua inayoweza kumpita mtazamaji asiye na subira, maana kwa nje haibadilishi kitu. Mvua ndiyo itakayoitambua.

Mnamo 1867 Alfred Russel Wallace, aliyegundua pamoja na Charles Darwin namna uteuzi wa asili unavyofanya kazi, aliandika kwamba ndege hujua kujenga kwa kuona na kuiga, wala si kwa silika pekee. Karne moja baadaye mke na mume, Elsie na Nicholas Collias wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliichunguza hoja hiyo kwa mnana huyuhuyu. Waliwafuga, wakahesabu aina za mafundo yao, na wakalea makinda ya kiume mengine yakiwa na majani ya kuchezea na mengine yakinyimwa kila kitu cha kufumia. Yaliyonyimwa, yalipopewa chane baadaye, yaliachwa mbali na wenzao. Hamu ya kufuma walizaliwa nayo. Mkono, kama tunaweza kuuita mkono, ulitokana na mazoezi. Hata porini madume wachanga huanza na vitu visivyo na umbo, vitanzi vikining'inia ovyo, na huendelea hivyo muda mrefu kabla ya kiota cha kwanza kinachostahili kukaliwa. Sijui kazi nyingine ya ndege inayonifanya nimheshimu mwanafunzi wake kiasi hicho.

Dume hodari anaweza kumaliza ganda la nje kwa siku moja. Kisha huning'inia kichwa chini mlangoni, akapiga mabawa ili manjano ya chini yaonekane, na kuita. Jike anapokuja haridhiki na kutazama. Anaingia ndani na kuvutavuta chane kwa mdomo, hapa na pale, kwa muda. Akiridhika, ataleta vilele laini vya nyasi na manyoya kutandika chumba, na kiota kitakuwa chake. Asiporidhika anaondoka. Kiota kikikaa siku kadhaa bila mpangaji hupoteza ukijani na kugeuka kahawia, na hapo majike huacha hata kuingia. Dume hukifumua chane kwa chane, akaziangusha chini, na kwenye kijiti kilekile akafunga fundo la kwanza upya.

Hapa ndipo uteuzi unapoonekana kwa macho. Kila kizazi madume hawalingani: yupo anayekaza zaidi, yupo anayechagua kijiti chembamba zaidi, yupo anayerudia kazi mapema. Jike anamkataa mmoja na kumkubali mwingine. Nyoka hushindwa kufika kwenye ncha ya kijiti kilichovuliwa majani, ila hufika kwenye tawi nene. Yupo mwewe ambaye kiungo cha mguu wake hupinda mbele na nyuma, akaingiza kucha mlangoni na kutoa makinda. Na kwenye miji yetu ya pwani wamo kunguru walioletwa kutoka Bara Hindi, wanaopasua viota. Upepo nao hung'oa kilicholegea. Makinda yanayobaki ni ya wazazi waliokaza, nayo huchukua kwa urithi umbo la mdomo na ile hamu ya kusukuma ncha chini ya kitanzi. Hakuna aliyeichora kazi hii kabla. Imefikia hapa kwa kukataliwa, kiota baada ya kiota, kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuuwaza.

Hata mayai yamepitia uteuzi huohuo. Kekeo mmoja mdogo mwenye mgongo wa kijani unaong'aa hutaga kwenye viota vya minana, na kinda lake likianguliwa husukuma nje mayai ya mwenyeji. Minana wamejibu kwa rangi. Jike mmoja hutaga meupe, jirani yake ya buluu, mwingine ya kijani yenye madoa ya kahawia, na kila mmoja hubaki na aina yake maisha yote. Kekeo hawezi kufananisha yai lake na koloni nzima. Jike akiona lisilofanana na yake, hulitupa.

Minana walipelekwa pia mbali na kekeo huyo: Hispaniola, kisiwa cha Haiti na Jamhuri ya Dominika, wapo zaidi ya miaka 200, na Morisi walifikishwa katika karne ya 19. Mwaka 2005 mwanabiolojia David Lahti alichapisha matokeo ya kulinganisha mayai ya visiwa hivyo na ya Afrika. Visiwani, tofauti kati ya jike na jike zilikuwa zimepungua, na mayai ya kiota kimoja hayakufanana tena kwa ukaribu wa zamani. Ukaguzi wa kekeo ulikuwa umeondoka, na usahihi ukaanza kulegea. Viota, kwa upande wao, bado vinafumwa huko kwa chane mbichi, kwa pete na mlango unaotazama chini, kwa maana upepo na majike wanaochagua wapo huko pia.