Moyo Uliomo Ndani ya Picha ya Mapafu

Anayepigwa picha ya CT ya kifua kwa sababu ya kikohozi sugu hupigwa picha ya moyo pia papo hapo, kwa kuwa moyo umekaa katikati ya mapafu. Kalsiamu iliyojijenga kwenye kuta za mishipa inayoulisha moyo hung'aa nyeupe kama mfupa, bila mionzi ya ziada. Kuiona na kutoiandika kwenye ripoti, kwa maoni yangu, ni kumnyima mgonjwa onyo alilokwisha kulilipia.

Nguvu ya hoja hii naipata katika utafiti wa NOTIFY-1, uliofanyika Stanford, Marekani. Programu ya kompyuta ilipekua picha za kifua zilizopigwa kati ya 2014 na 2019 kwa sababu nyingine kabisa, na madaktari wa radiolojia wakahakiki ilichokibaini. Wagonjwa 173, wasiotumia statini, dawa za kupunguza kolesteroli, wala kujulikana kuwa na ugonjwa wa mishipa, waligawanywa kwa nasibu. Kundi moja lilitumiwa ujumbe, wao na madaktari wao, ukiwa na picha yenyewe inayoonyesha kalsiamu. Jingine likaachwa katika huduma ya kawaida. Baada ya miezi sita, asilimia 51.2 ya waliojulishwa walikuwa wameandikiwa statini, dhidi ya asilimia 6.9. Ni kweli, kilichopimwa ni dawa kuandikwa, si mishtuko ya moyo kupungua. Lakini tofauti hiyo yote imeletwa na taarifa iliyokuwa imelala kwenye kumbukumbu za hospitali kwa miaka.

Pingamizi zito zaidi ni la kiufundi. Alama ya Agatston, kipimo cha wingi wa kalsiamu ya moyo kilichoanzishwa 1990, huhesabu madoa yanayofikia 130 katika kipimo cha Hounsfield cha ung'avu wa picha, kwenye picha iliyopigwa kwa kufuata mapigo ya moyo. Picha ya kawaida haiyafuati, hivyo doa dogo hutawanyika na kupotea. Nakubali, ndiyo maana tarakimu kamili haihitajiki. Hamna, kidogo, wastani, nyingi: maneno hayo yanatosha, kwani rundo kubwa la kalsiamu halifichwi na mtikisiko. Vyama vya kitaalamu vya Marekani vilipendekeza 2016 kwamba kalsiamu itajwe katika kila CT ya kifua isiyotumia dawa ya kung'arisha mishipa.

Hatari ninayoiogopa iko upande wa pili. Mafuta laini ambayo hayajashika kalsiamu hayaonekani kwenye picha hizi, nayo yanaweza kupasuka na kuziba mshipa. Ripoti basi iseme "kalsiamu haikuonekana", isiandike kamwe "moyo ni mzima".