Jukwaa Lililoachwa Tupu

Katika muziki wa roki, ambao ni muziki wa magitaa ya umeme na ngoma nzito uliokulia Marekani na Uingereza tangu miaka ya 1950, bendi inapotoa albamu mpya huwa na desturi ya kufunga safari ya miezi kadhaa kwenda kuipiga mbele ya watu wa nchi mbalimbali, na safari hiyo ndiyo iitwayo ziara. Wengi huichukulia ziara kuwa biashara tu, na dai hilo lina ukweli wake, kwa kuwa albamu huuza tiketi na tiketi huuza albamu. Hata hivyo, kwa muda mrefu ziara ilikuwa pia mtihani, maana kazi iliyotengenezwa studioni kwa utulivu, kwa kurudiarudia na kufuta makosa, ilitakiwa kusimama yenyewe usiku mmoja mbele ya watu waliokuja kuisikia ikizaliwa upya. Jinsi bendi ilivyoukabili mtihani huo ilikuwa kipimo cha ufundi wake na cha uaminifu wake kwa wakati mmoja, kwa sababu mambo hayo mawili yalikuwa bado hayajatenganishwa.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini ni ziara ya bendi ya Kiingereza ya Queen ya mwaka 1986, iliyofuatia kutoka kwa albamu ya A Kind of Magic mwezi Juni mwaka huo. Bendi hiyo ilikuwa na watu wanne: Freddie Mercury, mwimbaji na mpiga piano, Brian May, mpiga gitaa, John Deacon, mpiga gitaa la besi, na Roger Taylor, mpiga ngoma. Maonyesho yalikuwa 26, yote barani Ulaya, kuanzia Stockholm tarehe 7 Juni hadi bustani za Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kukumbushwa kwa urefu kwamba Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zoroaster waliotokea Bara Hindi, na kwamba familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Mji Mkongwe siku hizi humtembeza mgeni hadi nyumba zinazohusishwa na jina lake, na mgeni hupiga picha mlangoni akaondoka. Ni nadra kusikia mtu akiuliza mwanamume huyo alikuwa fundi wa kitu gani hasa.

Kabla ya kulijibu swali hilo inafaa kutazama chombo kimoja kilichosafiri katika ziara ile, kwa kuwa kinaeleza tabia ya bendi nzima. Gitaa kuu la May halikununuliwa dukani. Alianza kulitengeneza mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 16, kwa kushirikiana na baba yake Harold, mhandisi wa vifaa vya elektroniki, na kazi hiyo iliwachukua karibu miaka miwili. Shingo ya gitaa, ambayo ni ule ubao mrefu unaopitiwa na vidole vya mkono wa kushoto, ilichongwa kutokana na mbao ya meko kuukuu ya kuotea moto, na matundu yaliyotobolewa na wadudu yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya kiwiliwili chake ilitokana na meza chakavu ya mwaloni. Mtambo wa kuyumbisha sauti, ambao humwezesha mpigaji kulegeza nyuzi zote kwa pamoja na kuzirejesha mahali pake, ulitegemea springi za vali za pikipiki ya zamani, mkono wa mtambo huo ukawekewa ncha ya sindano ya kufumia, na alama za duara zinazoonyesha mahali pa vidole zilikatwa kutoka vifungo vya kisanduku cha kushonea cha mama yake. Hata kile kipande cha plastiki ambacho wapiga gitaa wengi hukitumia kugusia nyuzi May hakukitaka. Alitumia, na bado hutumia, sarafu ya peni sita ya Kiingereza, ambayo serikali iliiondoa katika matumizi mwaka 1980 na yeye hakuiondoa. Kijana ambaye familia yake haikumudu gitaa la bei aliunda la kwake, likamfikisha katika viwanja vya mpira vya Ulaya. Mtengenezaji anapokuwa ndiye mtumiaji, kila kasoro ya chombo humrudia mwenyewe mkononi, na hapana wa kumlaumu. Katika sehemu ya onyesho aliyoachiwa peke yake May alitumia vifaa vya mwangwi, akapiga noti, akaingoja irudi kupitia spika, kisha akaipigia nyingine juu yake na nyingine tena, hata gitaa moja likasikika kuwa matatu. Na kila sauti katika hizo tatu ilikuwa imetoka vidoleni mwake sekunde chache tu zilizotangulia.

Jambo hilo la mwisho ndilo kiini cha hoja inayojengwa hapa, na linaonekana waziwazi zaidi katika wimbo wa Bohemian Rhapsody, uliorekodiwa mwaka 1975 katika studio kadhaa, ikiwemo ya Rockfield huko Wales. Katikati ya wimbo huo imo sehemu iliyotungwa kwa mtindo wa opera, ambao ni uimbaji wa kuigiza wa Kizungu wenye sauti nyingi zinazopandana na kujibizana. Kwaya inayosikika humo haikuwa kwaya. Mercury, May na Taylor waliimba vipande vyao, wakavirudia na kuviweka tabaka juu ya tabaka kwenye mkanda wa sumaku wenye njia 24 za sauti, mpaka, kama inavyosimuliwa na wahusika wenyewe, mkanda ukachakaa kwa kupitishwa mno mashineni na mwanga ukaanza kupenya. Watu watatu hawawezi kuimba hivyo jukwaani, kwa sababu katika kila pumzi mtu ana koo moja tu.

Njia za kulikwepa tatizo hilo zilikuwepo nyingi, na wanamuziki wa kila zama wanazijua. Bendi ingeweza kuikata sehemu hiyo. Ingeweza kukodi waimbaji na kuwaficha nyuma ya mapazia. Na njia iliyo rahisi kuliko zote ingekuwa kuupiga mkanda wa studioni huku wenyewe wakisimama mbele ya maikrofoni na kuifuatisha midomo, mtindo unaojulikana kama pleibeki. Queen walichagua kitu kingine. Mercury aliimba mwanzo wa wimbo akiwa kwenye piano, May akapiga sehemu yake ya gitaa, na opera ilipofika, wote wanne wakashuka jukwaani. Mkanda ulipigwa, taa zikacheza juu ya ngoma zisizo na mpigaji na piano isiyo na mtu, na maelfu ya watazamaji wakaachwa wakitazama vyombo vitupu kwa kitambo kizima cha opera. Mkanda ulipofikia mwisho wa sehemu ile walirejea kwa kishindo kuipiga sehemu ya roki kwa mikono yao, na ilipigwa kwa nguvu ambayo rekodi ya studioni haikuwa nayo.

Uamuzi huo haukuwahi kusifiwa inavyostahili. Baadhi ya wahakiki wa wakati ule waliuona kuwa udhaifu, wakauliza bendi gani hii isiyoweza kuupiga wimbo wake maarufu kuliko zote, ilhali lililokuwa likitendeka mbele yao ni kwamba wanaume wanne walikuwa wakiuambia umati, pasipo kutamka neno, kwamba sauti hii ni ya mashine na hawatajifanya kuwa ni yao. Desturi hiyo waliianza katika miaka ya 1970 na katika ziara ya 1986 walikuwa wakiishikilia bado, ingawa kufikia wakati huo wangesamehewa lolote, kwani mwaka mmoja kabla, tarehe 13 Julai 1985, walikuwa wameliteka tamasha la hisani la Live Aid uwanjani Wembley kwa onyesho la dakika 21 tu. Uaminifu uleule ulionekana katika mambo madogo. Nyimbo za miaka ya 1980 zilipohitaji vinanda zaidi ya uwezo wa Mercury kuimba na kupiga kwa pamoja, aliajiriwa mpiga kinanda, Spike Edney, akawekwa jukwaani. Mercury alipoona kwamba koo lake, lililosumbuliwa kwa miaka na vinundu kwenye nyuzi za sauti, halingezifikia noti za juu alizoziimba studioni, aliziimba kwa chini, na za juu akamwachia Taylor, ambaye aliziimba huku akipiga ngoma.

La kusikitisha ni kwamba waliouchukua ufundi huo kuwa kasoro ya kufichwa hawakuwa mbali. Mwezi Desemba 1986 ilitolewa albamu ya Live Magic, iliyokusanya nyimbo kutoka katika ziara hiyo, na ndani yake nyimbo kadhaa zilifupishwa; Bohemian Rhapsody ilinyofolewa opera nzima, hivyo msikilizaji aliyekaa nyumbani akavushwa kutoka kwenye piano hadi kwenye roki bila kujua kwamba palikuwapo kitambo ambacho jukwaa lilikuwa tupu. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1992, Mercury akiwa ameshafariki, ndipo onyesho la ziara hiyo uwanjani Wembley likatolewa kwa urefu unaolingana nalo.

Ufundi wa Mercury mwenyewe ulikuwa wa kuongoza umati, na ufundi huo una fizikia yake. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliyesimama mita 100 kutoka jukwaani husikia neno la mwimbaji karibu theluthi ya sekunde baada ya kutamkwa, na jibu lake huchukua muda uleule kurudi. Katika ukumbi mdogo pengo hilo halipo. Katika Wembley, ambako tarehe 11 na 12 Julai 1986 walifika watu wapatao 72,000 kila usiku, pengo hilo linatosha kuuvuruga wimbo wowote ambao mwimbaji wake ana haraka. Mercury hakuwa na haraka. Alitoa mlio mfupi usio na maneno, akaunyamazia, akawangojea walio nyuma kabisa wamalize kuitikia, kisha akatoa mwingine mrefu kidogo na mgumu kidogo, akaendelea kuwapandisha hivyo mpaka umati ambao haukuwahi kufanya mazoezi ukawa unaimba mapambo ya sauti ambayo waimbaji wa kulipwa huyaogopa. Aliyekulia katika ngoma na taarab anaujua utaratibu wa mmoja kutoa na wengi kuitikia, na kishawishi cha kudai kwamba Mercury aliutoa Unguja ni kikubwa, lakini ushahidi wa dai hilo haupo na heshima kwa kazi yake inataka lisizushwe.

May, ambaye alisomea fizikia na hatimaye akapata shahada ya uzamivu katika astrofizikia mwaka 2007, alilishughulikia pengo hilohilo kwa njia yake. Katika wimbo wa We Will Rock You wa mwaka 1977, vishindo vya miguu na makofi vya watu wachache studioni vilirudiwa kwa ucheleweshaji tofautitofauti, uliopangwa kwa hesabu ili visigeuke kuwa mwangwi bali visikike kuwa vya umati uliotawanyika. Wimbo uliotungwa ili watu waupige ulipopelekwa viwanjani ulikuwa umeshaandaliwa kwa ajili ya kuchelewa kwao. Katika maonyesho ya 1986 wimbo wa albamu mpya, Friends Will Be Friends, uliingizwa baada ya wimbo huo, karibu na mwisho kabisa, mahali ambapo bendi nyingi zisingethubutu kuweka kitu kigeni, na umati uliimba nao vilevile.

Tarehe 27 Julai ziara ilifika Budapest, mji mkuu wa Hungaria, nchi iliyokuwa bado chini ya utawala wa kikomunisti na ambayo tamasha la roki la ukubwa ule la bendi ya Magharibi lilikuwa jambo geni kwake. Mercury aliimba wimbo wa kienyeji wa Kihungaria, katika lugha ambayo hakuijua, na maneno yake alikuwa ameyaandika kiganjani. Filamu ya onyesho hilo inamwonyesha akiutazama mkono wake bila kuficha, na uwanja mzima ukiimba pamoja naye. Kutoyajua maneno kwa moyo hakukumwaibisha. Kuyasoma mkononi mbele ya wenye lugha yao kulikuwa adabu ya mgeni aliyejitahidi.

Tarehe 9 Agosti huko Knebworth walikusanyika watu wanaokadiriwa kuzidi laki moja, na hakuna aliyejua kwamba lilikuwa onyesho la mwisho la Mercury na bendi yake katika ziara. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Jina la bendi liliendelea kusafiri baada yake, May na Taylor wakiwa na mwimbaji mwingine, na Mercury akawa anaonekana kwenye skrini. London nayo, tangu mwaka 2022, ina ukumbi uliojengwa mahsusi ili taswira za kompyuta za bendi ya ABBA zitoe onyesho ambalo wenyewe hawalitoi. Hayo angalau yanajitangaza kuwa yalivyo. Lenye madhara zaidi ni lile lisilotangazwa. Sehemu kubwa ya ziara za leo huendeshwa kwa kompyuta inayopiga sauti zilizorekodiwa chini ya zile zinazoimbwa, programu za kunyoosha sauti husahihisha noti kabla hazijafika masikioni mwa mlipaji, na mpiga ngoma huvaa kisikilizi ambamo mlio wa kuhesabia humwamuru kasi kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kuwa taa, skrini na kwaya isiyoonekana zote zimefungwa kwenye hesabu hiyo. Waimbaji hawashuki tena jukwaani mashine inaposhika zamu. Husimama palepale na kuchezesha midomo, na maikrofoni hubaki mkononi. Hasara haikuishia katika kukosekana kwa ukweli. Umati wa Wembley uliimba vile kwa sababu mtu mmoja alikuwa na uhuru wa kunyamaza theluthi mbili za sekunde, au sekunde tatu, au kumi, mpaka mtu wa safu ya mwisho amalize. Mwimbaji wa leo akitaka kufanya hivyo, kwaya iliyorekodiwa itaingia kwa saa yake, na safu za nyuma zitakatizwa zikiwa bado zinaitikia.