Sifa kwa Anayemfutia Mbwa Mzee

Mkoani Mara mbwa ni mtumishi. Butiama na katika vijiji vya Bunda analala nje karibu na zizi, akimbwekea fisi na mwizi wa ng'ombe; Musoma mjini analinda geti, duka au stoo ya dagaa. Akiwa na nguvu, sifa zake hufika hadi mtaa wa pili. Akizeeka, hakuna aliyempangia pa kukaa. Nataka kuusifu ufundi ambao sijausikia ukisifiwa popote: kuishi na mbwa mzee aliyeanza kujikojolea ndani, bila kumpiga, bila kwenda kumtupa, na bila nyumba kunuka.

Nauita ufundi kwa makusudi, maana huruma peke yake haitoshi. Nimewaona watu wenye huruma nyingi wakimfungia mbwa wao stoo huku machozi yakiwatoka, kwa sababu tu walishindwa na mkojo. Anayeuweza ana mikono iliyozoea, ana pua, ana saa kichwani, na hayo hayaji kwa kumpenda mnyama tu. Yanakuja kwa kufanya.

Ni ufundi mchanga kwetu, kwa kuwa mbwa wengi wa huku walikuwa hawafiki uzee. Kichaa cha mbwa kiliwamaliza, minyoo na njaa vikawamaliza, na ugonjwa wa virusi uitwao distempa ukapita mara kwa mara. Mwaka 1994 distempa iliingia Serengeti ikaua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi, na macho ya watafiti yakaelekea kwa mbwa wa vijiji vya pembezoni. Baadaye katika miaka hiyo ya 1990 chanjo zikaanza kupelekwa vijijini. Lengo lilikuwa kuwafikia mbwa wapatao asilimia 70 katika kila kijiji, kiwango kinachotosha kuukata mnyororo wa kichaa cha mbwa. Wengi wetu tunazikumbuka foleni hizo: watoto wakiwavuta mbwa kwa kamba ya katani, vumbi, kelele, na kadi ya chanjo iliyofungwa kwenye nailoni isilowe. Kampeni ililenga kumwokoa binadamu na kumwokoa simba. Mbwa naye akapata nafasi ya kuota mvi mdomoni.

Shangazi yangu anaishi Butiama, si mbali na Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere. Mbwa wake anaitwa Askari. Miguu ya nyuma ilipoanza kumwishia nguvu, hakuweza tena kupambana na fisi wala kumkimbia, na kumwacha nje usiku kungekuwa kumtoa chakula. Shangazi akamwingiza ndani. Watu walisema, akawaacha waseme. Usitupe mbachao kwa msala upitao, ndivyo alivyowajibu, na kweli mbwa mdogo alikuwa ameshaletwa na alikuwa hajui bado kutofautisha mwizi na mgeni.

Sakafu yake ni ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, inapendeza machoni lakini ni adui wa mbwa mwenye maungio mabovu. Anayeteleza mara mbili huogopa kusimama, na anayeogopa kusimama hukojoa alipolala. Kwa hiyo shangazi ametandika magunia ya katani kutoka anapolala Askari hadi mlangoni, kingo zikikandamizwa na miguu ya makochi. Salfeti aliikataa, kwani nayo inateleza juu ya saruji. Chini ya tandiko la mbwa kuna kipande cha turubai, juu yake matambara ya shuka kuukuu yanayobadilishwa yakilowa, na taa ndogo ya sola inawaka usiku kucha, maana macho ya Askari yameingia ukungu.

Kumsimamisha kwenyewe ni kitu cha kutazama. Anaikunja khanga kuukuu kwa urefu, anaipitisha chini ya tumbo la mbwa, mbele kiasi, kwa kuwa Askari ni dume na khanga haitakiwi kufunika njia ya mkojo. Anashika ncha zote mbili kwa juu. Kisha anangoja. Hamwinui. Anasubiri hadi mbwa mwenyewe aanze kujinyanyua, ndipo anaikaza khanga na kubeba ule uzito tu ambao miguu ya nyuma imeshindwa kuubeba. Ukimvuta kabla hajajiandaa, tumbo linabanwa na mkojo unamwagika hapohapo. Mbwa anatoka kwa miguu yake, akiwa na heshima yake, na mama wa miaka zaidi ya sitini haumii mgongo.

Usiku mmoja nilisikia mlango, nikatoka.

"Shikamoo shangazi. Hujalala?"

"Marahaba mwanangu. Huyu saa yake ni hii."

Ilikuwa yapata saa tisa. Askari ana saa zake: akiamka, akimaliza kula, kabla watu hawajalala, na hiyo ya usiku wa manane. Nyumba inayozijua saa hizo haifuti sana. Isiyozijua hufuta kutwa na kumlaumu mnyama.

Mkojo wa ndani wenyewe si wa aina moja. Yupo mbwa anayeamka akakuta alipolalia pamelowa na hana habari. Misuli ya kibofu imelegea, jambo linalowapata zaidi majike waliofungwa uzazi, na dawa yake ipo. Yupo anayeishia hatua mbili kabla ya mlango. Huyo akili zake ni timamu, ila miguu imemchelewesha, na tiba yake ni njia isiyoteleza na kutolewa mapema. Wa tatu hutoka nje, akasahau alichofuata, akarudi kukojoa sebuleni, au husimama kona akiutazama ukuta kwa muda mrefu. Ubongo wake umezeeka, na kumkaripia ni kumwongezea hofu katika nyumba ambayo tayari imeanza kumpotea. Madume wasiohasiwa, na huku kwetu wengi hawahasiwi, husumbuliwa pia na tezi dume. Hakuna hata mmoja kati yao anayekukomoa. Kumsugulia pua kwenye mkojo wake, kama wengi wetu tulivyofundishwa, hakumfundishi chochote; kunamfundisha kujificha tu, na mkojo wa uvunguni hunuka kuliko wa sebuleni.

Kuhusu kufuta, lazima tuanze na pua. Upande wa Bunda na Serengeti, Mfuko wa Grumeti ulianzisha mwaka 2018 kikosi cha mbwa wanaonusa meno ya tembo, nyamapori, risasi na nyaya za mitego. Pua hiyohiyo anayo Askari. Mbwa ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. Sisi tunavyo kama milioni 5 au 6. Sakafu unayoiona safi, kwake bado ina alama inayosema choo ni hapa, na atarudi hapo. Kwa hiyo unafuta hadi yeye aridhike.

Shangazi huanza kwa kukausha. Anamwaga majivu makavu au mchanga, anauacha unywe, anazoa. Anayeanza na maji anausambaza mkojo na kuuzamisha kwenye vitundu vya saruji. Baada ya hapo ni maji ya sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, inaachwa ikae kidogo, ndipo inasuuzwa na madirisha yanafunguliwa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo haimwagwi juu ya mkojo mbichi: vikikutana hutoa hewa inayochoma macho na mapafu, ya mbwa na yako. Kwa wenye sakafu ya udongo kazi ina utaratibu wake wa zamani: unakwangua tabaka lililolowa, unalitupa, unasiliba upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Sakafu hiyo, nikisema kweli, inasamehe kuliko saruji.

Halafu mbwa mwenyewe asafishwe. Mkojo unaokaa kwenye ngozi huunguza, kidonda huita nzi, na nzi akitaga, mabuu yako ndani kabla hujajua. Shangazi amempunguza Askari manyoya ya nyuma kwa mkasi, humwosha kwa maji ya vuguvugu, humkausha kwa kumbonyezabonyeza bila kumsugua, kisha humpaka mafuta ya mgando kidogo mno pale palipoanza kuwa pekundu. Mikono hii ndiyo iliyomgeuza bibi yetu kitandani kwa miaka yake ya mwisho, na bibi hakupata kidonda hata kimoja. Nikimtazama kazini, siioni tofauti ya namna anavyoshika.

Musoma mjini kuna jambo jingine, la majirani. Katika nyumba za kupanga za Nyasho au Mwisenge ukuta ni mmoja na ua ni mmoja, na Waislamu wengi wa kwetu wanafuata mafundisho yanayotaka chombo kilichorambwa na mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Hilo liheshimiwe bila mjadala. Mbwa awe na ndoo yake, tambara lake na ufagio wake, na visikutane na vya nyumba wala kuanikwa kwenye kamba ya wote. Kinyesi kifukiwe mbali na kisima na mbali na ufukwe wa ziwa, mikono ioshwe kwa sabuni, na dawa ya minyoo itolewe kwa wakati, kwa sababu minyoo ya mbwa huwapata watoto. Mwenye mbwa mzee anayefanya haya hapati ugomvi. Asiyefanya anawaharibia wenzake wote.

Kosa moja linanisikitisha kuliko mengine: kumnyima mbwa maji ili asikojoe. Mbwa mzee anayekunywa sana mara nyingi ana figo zinazoshindwa au ana kisukari, na maji ndiyo yanayomshikilia. Anayekojoa kidogo kidogo kwa kujikaza, au mwenye damu kwenye mkojo, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo yanayotibika. Wala asipewe diklofenaki au panadoli za nyumbani kwa ajili ya miguu; diklofenaki humtoboa tumbo na kumharibu figo, panadoli humdhuru ini. Zipo dawa za mbwa za kazi hiyo, na zipo siku ambazo dawa imefika mwisho, maumivu yamezidi usingizi, na daktari wa mifugo huombwa amlaze mnyama bila mateso. Kujua siku hiyo nako kumo katika ufundi huu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Kizungu. Sikubali. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa mnyama, lakini hata kabla ya sheria hiyo jamii za Mara ziliwajua wanyama wao mmoja mmoja, kwa jina na kwa rangi. Kumpakia mbwa aliyekulindia ng'ombe miaka kumi kwenye lori na kumshusha mnadani asikojua mtu, hilo ndilo jambo geni, na ni la aibu.

Basi wewe msomaji wa Bunda, Butiama au Musoma, ukimwona wako ameanza kulowesha sakafu, weka fimbo chini. Angalia bakuli lake la maji linaisha kwa kasi gani, tazama kama anaamka akiwa amelowa au anashindwa njiani, kisha mpigie afisa mifugo wa kata yako umweleze hayo mawili kabla ya kitu kingine chochote.