Sunderland: Mapenzi ya Mbali na Haki ya Karibu



Katika majumba yetu ya pwani ni nadra siku hizi kukuta nyumba isiyokuwa na kijana mwenye timu yake Ulaya. Muulize kwa nini ameipenda, na mara nyingi atakujibu kwa hisabu ya vikombe. Mapenzi ya namna hii hayana taabu, kwani mwenye kushinda hakosi marafiki. Leo twataka tutazame pamoja nawe filamu inayosimulia mapenzi ya namna nyengine, mapenzi ya timu inayoshindwa, tupime lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

Filamu hiyo ni ya mfululizo, nayo yaitwa Sunderland 'Til I Die, maana yake "Sunderland mpaka nife". Netflix iliitoa kwa mafungu matatu: la kwanza mwaka 2018, la pili 2020 na la tatu 2024.

Sunderland ni mji wa bandari kaskazini-mashariki ya Uingereza. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1879, na imetwaa ubingwa wa nchi mara sita, mara ya mwisho mwaka 1936. Kikombe chake kikubwa cha mwisho ni cha mwaka 1973, ilipoifunga Leeds bao moja kwa bila hali yenyewe iko daraja la pili. Mji huo ulikuwa ukiishi kwa kuunda meli na kuchimba makaa ya mawe. Uundaji wa meli ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1980, na mgodi wa Monkwearmouth ukafungwa mwaka 1993. Juu ya ardhi ya mgodi huo ndipo kilipojengwa kiwanja kipya cha timu, kilichofunguliwa mwaka 1997. Ukilijua hili utafahamu kwa nini katika filamu hii wazee wazima wanalia kwa ajili ya mpira. Mpira ndio uliowabakia.

Fungu la kwanza lasimulia msimu wa 2017/18. Timu ilikuwa imeshuka kutoka daraja la juu, na badala ya kupanda ikashuka tena mpaka daraja la tatu. Fungu la pili laonyesha msimu uliofuata, ambapo ilifika Wembley mara mbili na mara zote mbili ikarudi mikono mitupu: mara ya kwanza kwa penalti mbele ya Portsmouth, mara ya pili kwa bao la dakika za nyongeza mbele ya Charlton. Hata hivyo, tarehe 26 Disemba 2018, katika mechi ya daraja la tatu, watu 46,039 walihudhuria kiwanjani.

Uzuri wa filamu hii ni kuwa haiwatukuzi wachezaji. Yamfuata dereva wa teksi, yaingia jikoni mwa klabu, yawasikiliza wafanyakazi ambao riziki zao zimefungamana na timu. Twamwona huku mchezaji wa mshahara mkubwa ambaye mchango wake ni mdogo, na kule mtu wa kipato kidogo akitoa fedha zake bila ya kutaraji malipo. Watengenezaji hawakutuambia nani mwema. Wametuacha tuone wenyewe. Na tunachokiona ni sifa tunayoijua na kuiheshimu: kusimama na mwenzio siku ya msiba wake.

Ama kasoro zake ni tatu.

Kwanza ni hilo jina lenyewe. "Mpaka nife" ni neno zito. Mtu huweka nadhiri ya namna hiyo kwa dini yake, wazazi wake na watu wa nyumba yake. Filamu yafungua kwa dua kanisani kuiombea timu, na tangu hapo haiulizi tena kama mzigo huu unaotwikwa mpira ni mzigo wake.

Pili ni kamari. Msimu ule wa 2017/18 jina la kampuni ya kamari lilikuwa kifuani mwa fulana za timu, na kamera yalipita bila ya kulisimamia. Huko Uingereza kwenyewe fulana za watoto haziruhusiwi kubeba majina hayo. Basi ikiwa jambo halimfai mtoto, lamfaaje baba yake? Mwaka 2023 klabu za daraja la juu zilikubaliana kuyaondoa majina hayo kifuani ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Nasi ambao kamari tumeharamishiwa pamoja na ulevi tungalipaswa kuwa wa mwanzo kuliona hili. Lakini leo vijana wetu huiweka fedha ya sokoni juu ya mechi ya mji wasioweza kuuonyesha kwenye ramani.

Tatu, filamu imekaa mjini. Mpenzi wa mbali hayumo ndani yake; yeye ni wewe unayeitazama. Na hapa ndipo penye mas'ala yetu.

Mtu wa Sunderland anapolia, amlilia jirani yake na mgodi wa baba yake. Wewe uliyeko Mombasa, Unguja au Muscat walilia nini? Hatusemi kuwa kuipenda timu dhaifu kwa mbali ni upuuzi. Kuna kheri ndani yake, maana hakuna faida wala majivuno, na mtu hujifunza subira. Sunderland ilishuka mwaka 2017 na haikurejea daraja la juu mpaka 2025, miaka minane. Lakini jiulize: yule awezaye kuisubiri timu ya ng'ambo miaka minane, je, aliweza kumsubiri nduguye aliyefilisika japo miezi minane? Akimpigia simu mama yake mara ngapi, na akitafuta matokeo mara ngapi?

Wazee wetu waliwahi kutuonyesha njia. Jina la Sunderland si geni kwetu. Klabu ya Dar es Salaam iliyoundwa mwaka 1936 ilikuja kuitwa Sunderland, na kwa jina hilo ikatwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1965 na 1966. Mwaka 1971 ikageuza jina, ikawa Simba. Walilichukua jina la mbali wakalitia jasho la kwao, na lilipowabana wakalivua; timu ikabaki yao.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Coastal Union ya Tanga ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1988. Siku inapofungwa, wangapi huenda Mkwakwani? Wangapi huwanunulia watoto wa mtaa mpira mmoja wa kuchezea?

Basi, msomaji, itazame filamu hii pamoja na wanao, wala usiwakataze. Lakini ikiisha zungumza nao. Waambie kuwa watu wale twawasifu kwa kutokimbia walio wao, kisha uwaulize: nasi walio wetu ni nani, na nani kati yao yuko katika kushindwa hivi leo? Watakaemtaja, mwende mkamzuru kabla ya mechi ijayo.