Asilimia 20 ya nini? Kukisoma upya kisa cha fataki za Lettow

Ukisafiri kutoka Kilosa kwenda Mikumi, uko kwenye njia ya vita. Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliiteka Kilosa, na jeshi la Wajerumani likarudi nyuma kuelekea Kidodi. Kamanda wao mkuu, Paul von Lettow-Vorbeck, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1920. Humo kuna kisa kifupi cha fataki ambacho husimuliwa kama mfano wa werevu. Nakubali werevu upo. Lakini hebu tukisome kama wanasayansi.

Kwanza, fataki hapa si yule wa matangazo ya redio anayewarubuni wanafunzi! Ni kikombe kidogo cha metali kwenye kitako cha risasi. Pini ya bunduki ikikigonga, kemikali iliyomo inalipuka na kurusha mwali kwenye baruti.

Kisa chenyewe: Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilishambuliwa na Waingereza ikazama kwenye maji mafupi ya Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena iliopolewa, ila risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari, na fataki na baruti zikazidi kuharibika. Basi huko Moshi, askari na wapagazi walikaa miezi wakizifungua risasi, wakisafisha baruti na kubadili baadhi ya fataki kwa nyingine za aina tofauti zilizopatikana nchini. Risasi nzuri za zamani zikatengwa kwa ajili ya rashasha. Kati ya zilizotengenezwa upya, zile zilizogoma kiasi cha asilimia 20 zilikwenda vitani; zilizogoma zaidi ya hapo zikawa za mazoezi.

Kuzipa rashasha risasi nzuri ilikuwa sahihi kabisa. Rashasha ya Maxim hutumia nguvu ya risasi iliyolia kupakia inayofuata. Moja ikigoma, kazi yote inasimama. Hata kama mbovu ni 1 tu kati ya 100, uwezekano wa kumaliza mkanda wa risasi 250 bila kusimama ni kama asilimia 8. Si mchezo.

Sasa ugomvi wangu. Asilimia 20 inasikika ndogo mpaka upige hesabu. Chukua bunduki yenye risasi tano. Uwezekano wa zote kulia ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani asilimia 33. Mara mbili kati ya tatu, angalau moja itagoma, na aliyeishika ndiye atakayejua iligoma wakati gani.

Pili, kipimo chenyewe kinauliza tu: imelia au haikulia? Hakiulizi imepiga wapi. Fataki za aina tofauti hutoa mwali tofauti, baruti inawaka tofauti, kasi inabadilika. Tuseme risasi moja inatoka kwa mita 800 kwa sekunde, nyingine 780. Tukiacha ukinzani wa hewa, kwenye mita 300 ya pili itapiga sentimita 3.6 chini ya mwenzake. Kwenye mita 600 tofauti inafika sentimita 14. Umbali mara mbili, kosa mara nne! Na fataki ikichelewa kuwasha, mkono unakuwa umeshahama kabla risasi haijatoka.

Ndiyo maana walenga shabaha wa mbali leo hawatafuti fataki kali kuliko zote. Wanatafuta zinazofanana, wanazijaribu kwa baruti na bunduki ileile, kisha wanapima kasi na kuangalia matundu kwenye shabaha. Ukiulizwa "fataki ipi bora?", nawe uliza: bora kwa kipimo gani?

Tatu, na hili ndilo linaniuma: kwenye kisa hiki wapagazi na askari ni mikono tu, hawana majina. Fataki hulipuka kwa kugongwa, na hao ndio waliozishika asubuhi hadi jioni. Halafu askari ndiye aliyepewa zile za asilimia 20. Tukikisimulia kama werevu wa kamanda pekee, tunaacha nje watu waliolipa gharama ya ile namba. Ukikutana na asilimia yoyote, kwenye kumbukumbu za vita au kwenye taarifa ya utafiti, uliza imepima nini, halafu uliza ni nani aliyebeba hiyo sehemu mbovu.