Safu Iliyovishwa Kanzu ya Orodha

Ndani ya maktaba sanifu ya lugha ya Java mna klasi mbili zenye jina moja: ArrayList. Ya kwanza inajulikana na kila anayeanza kujifunza. Ni orodha inayopokea kila unachoiongezea na kutanuka yenyewe nafasi inapojaa. Ya pili imefichwa ndani ya klasi nyingine, Arrays, na mwanaprogramu hawezi kuiunda kwa kuitaja jina. Hiyo ya pili ndiyo unayokabidhiwa unapochukua safu na kuipitisha kwenye metodi ya Arrays.asList. Iulize ina vitu vingapi, itajibu. Itake ikuonyeshe cha tatu, itakuonyesha. Weka kingine mahali pa cha tatu, itakubali. Lakini jaribu kuiongezea kimoja tu, itarusha hitilafu iitwayo UnsupportedOperationException, na programu isiyojiandaa itakwama papo hapo. Wengi wanaokutana na kisa hiki kwa mara ya kwanza hudhani wajenzi wa Java walikosea. Hawakukosea. Waliamua hivyo kwa makusudi, na anayeuelewa uamuzi huo ameingia katika ufundi ambao naona haujapata sifa unazostahili: ufundi wa kuhamisha data kutoka kwenye safu kwenda kwenye orodha.

Safu ni nafasi zilizopangwa bega kwa bega katika kumbukumbu ya kompyuta, na idadi yake huamuliwa pale inapoundwa. Ifikirie kama ubao wa bao la Kiswahili: mashimo ni 32, yameshachongwa, basi. Kete 64 zitahama kutoka shimo hadi shimo mpaka jua lizame, ila hakuna mchezaji atakayechimba shimo la 33 katikati ya mchezo. Kwa sababu mashimo hayahami, kompyuta hulifikia lolote kwa hesabu moja fupi ya kuzidisha na kujumlisha, na ndiyo maana safu ina kasi. Orodha ni jambo jingine kabisa. Katika Java, orodha ni ahadi kuhusu tabia: kwamba vitu vina mpangilio, kwamba unaweza kukiomba cha kwanza au cha mwisho, na kwamba, orodha yenyewe ikiruhusu, unaweza kuongeza na kupunguza. Inafanana na daftari la michango ya harusi, ambalo majina huingia mpaka siku ya shughuli na mengine hukatwa kwa wino, wala hakuna anayeuliza karatasi ilitoka kiwanda gani.

Mambo haya mawili yana nasaba tofauti. Safu ilikuwa mhimili wa Fortran, lugha ya wahandisi na wanahesabu iliyotolewa na IBM mwaka 1957. Orodha ilikuwa roho ya Lisp, aliyoianzisha John McCarthy huko MIT mwaka 1958, na jina lenyewe la Lisp ni mkato wa maneno yenye maana ya uchakataji wa orodha. Java, iliyotangazwa na Sun Microsystems mwaka 1995, ilirithi kutoka pande zote mbili. Safu ilijengwa ndani ya lugha yenyewe, na orodha zikaachiwa maktaba. Desemba 1998, katika toleo la 1.2, maktaba hiyo ilipata mfumo mpya wa makusanyo uliosanifiwa hasa na Joshua Bloch, na humo ndimo Arrays.asList ilimozaliwa. Maelezo yake rasmi yaliiita daraja kati ya metodi zinazotumia safu na zile zinazotumia makusanyo. Neno daraja lilichaguliwa vizuri. Daraja huunganisha ng'ambo mbili bila kuhamisha ardhi ya upande wowote.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuona kitu ambacho neno la kawaida la kazi hii linakificha. Watu husema “kugeuza” safu kuwa orodha. Kugeuza ni kufanya kitu kiache kuwa kile kilichokuwa, na Arrays.asList haifanyi hivyo hata kidogo. Inaivisha safu kanzu ya orodha. Mwili uliomo ndani ni ule ule, wenye mashimo yale yale; kilichobadilika ni namna wengine wanavyoweza kuuita na kuushika. Ukitaka mwili mwingine, kitenzi chake ni kunakili, na katika Java hufanyika kwa kuunda ArrayList mpya na kuimiminia vilivyomo katika ile iliyovishwa. Ukitaka orodha ambayo hakuna mkono utakaoigusa tena, hapo unafunga. Metodi ya List.of, iliyokuja na Java 9 mwaka 2017, hunakili na kufunga kwa pamoja. Kwa hiyo mbele ya mwanaprogramu hakuna kazi moja yenye njia tatu za kuiandika. Kuna kazi tatu, na kinachozitenganisha ni swali la umiliki: baada ya mstari huu, nani mwenye data hizi, na nani ana haki ya kuzibadilisha? Nadai kwamba ufundi wote wa jambo hili umo katika kulijibu swali hilo kabla ya kuandika chochote.

Ushahidi wa kwanza ni manufaa ya kuvisha, ambayo hubezwa na watu waliowahi kuumizwa nako. Tuseme una safu ya majina na unataka kuyachanganya ovyo kama karata. Klasi ya Arrays ina metodi ya kupanga, ila haina ya kuchanganya. Ya kuchanganya iko katika Collections, nayo hupokea orodha pekee. Ivishe kanzu, ipitishe kwa Collections.shuffle, halafu rudi kwenye safu yako: majina yamechanganyika ndani ya safu yenyewe, bila nakala hata moja. Kazi iliyofanyiwa kanzu imefika mwilini. Sasa igeuze hali hiyo. Metodi yako inapokea safu kutoka kwa mtu mwingine, inaivisha, na kuihifadhi kama orodha ya wanachama. Yule mtu bado ameishika safu yake. Akibadilisha nafasi ya kwanza, orodha yako nayo inabadilika, na hakuna onyo lolote litakalotokea. Chombo ni kile kile na tabia ni ile ile. Kilichotofautiana ni kwamba pale mwanzo mmiliki alikuwa mmoja, na hapa wako wawili wasiojuana.

Atatokea wa kusema: basi nakili daima, uwe salama. Pendekezo hili lina busara kuliko linavyosikika, na kwa data chache ningelikubali bila ubishi. Lakini nakala za Java ni za juu juu. Kinachonakiliwa ni marejeo, yaani anwani za vitu, na vitu vyenyewe hubaki vile vile. Ukinakili safu ya akaunti kuwa orodha ya akaunti, umepata daftari jipya lenye akaunti zile zile. Anayebadilisha salio kupitia safu ya zamani amelibadilisha pia kwako. List.of nayo hufunga daftari na si akaunti, tena hukataa katakata kupokea nafasi iliyo tupu: safu ikiwa na null moja ndani yake, inarusha hitilafu hapo hapo, ilhali kanzu ya asList ingeipokea kimya. Kwa hiyo hata aliyeapa kunakili daima hajalikwepa swali la umiliki. Amelisogeza hatua moja ndani.

Sehemu ambayo ufundi huu hupimwa kwa ukali zaidi ni namba. Java hutofautisha namba ghafi, kama int, na namba iliyofungashwa ndani ya kitu, kama Integer. Safu hubeba zote mbili. Orodha hubeba vitu tu. Mpaka Java 1.4, ukiipa asList safu ya int, kompaila ilikukatalia. Mwaka 2004 ilikuja Java 5 na mambo mengi mema, yakiwemo aina za jeneriki na metodi zinazopokea hoja za idadi yoyote. Arrays.asList ikarekebishwa ipokee hoja za idadi yoyote, na kwa marekebisho hayo mlango wa hatari ukafunguka: safu ya int yenye namba elfu moja ikipitishwa humo, kompaila inaiona kuwa hoja moja, na unarudishiwa orodha yenye kitu kimoja, nacho ni safu nzima. Hakuna hitilafu, hakuna kelele. Ni ukubwa wa 1 mahali ulipotarajia 1,000. Bloch mwenyewe ameukosoa uamuzi huo katika kitabu chake, Effective Java. Tangu Java 8 ya mwaka 2014 njia iliyonyooka ni kuitiririsha safu kwa Arrays.stream, kuifungasha kila namba kwa boxed, na kuzikusanya mwishoni.

Njia hiyo ni sahihi, na ina gharama ambayo fundi hana budi kuijua kwa tarakimu. Namba ya int huchukua baiti 4. Katika mashine ya Java ya biti 64 yenye mipangilio ya kawaida, Integer moja huchukua baiti 16, na juu yake kuna rejeo la baiti 4 ndani ya orodha. Namba milioni moja zilizokuwa megabaiti 4 zinaweza kufikia 20. Gharama nyingine iko katika maana ya msimbo wenyewe. Katika safu ya namba, alama mbili za usawa hulinganisha thamani. Kwa Integer hulinganisha anwani, na kwa kuwa Java huhifadhi tayari vitu vya namba kuanzia -128 hadi 127, ulinganisho usio sahihi utaonekana kufaulu kwa 127 na kushindwa kwa 128. Tena, katika orodha ya Integer, ukisema remove(3) utaondoa kilicho katika nafasi ya 3, na si namba 3. Majaribio yenye namba ndogo ndogo hayatagundua kosa la ulinganisho. Litagunduliwa na data halisi, siku ambayo msimbo uko tayari mikononi mwa watu.

Hoja nzito kuliko zote inayoletwa dhidi ya ufundi huu ni kwamba tungeziacha safu kabisa. Bloch ana kipengele kifupi cha ushauri katika kitabu chake kinachopendelea orodha kuliko safu, na sababu yake ni ya haki. Java huiruhusu safu ya maneno ijifanye safu ya vitu vyovyote. Ukijaribu kuiingizia namba kupitia mlango huo, kompaila hunyamaza na hitilafu ya ArrayStoreException huzuka wakati programu inaendeshwa. Orodha zenye aina za jeneriki hukataa mapema zaidi. Nakubaliana na ushauri huo kwa msimbo tunaouanza sisi wenyewe. Lakini safu hazitungoji tuzialike. Programu ya kawaida ya Java huanza kwa metodi ya main inayopokea safu ya maneno. Ukikata sentensi kwa split, unarudishiwa safu. Ukiuliza saraka ina faili gani kwa listFiles, unarudishiwa safu. Baiti za picha na za sauti huingia zikiwa safu. Anayeishi kwa orodha peke yake bado anaishi mlangoni pa safu, na kila siku atavuka kizingiti.

Wengine watasema kuvuka huko ni mstari mmoja tu, na siku hizi vifaa vya kuandikia msimbo huujaza vyenyewe. Nawakumbusha kisa kilichowapata wajenzi wa maktaba yenyewe. Kanzu ya asList ina metodi ya kurudisha safu, toArray, ambayo kwa ahadi yake ilipaswa kutoa safu ya vitu vya aina yoyote. Ilikuwa ikitoa safu ya aina ile ile iliyovishwa, na kwa hiyo aliyejaribu kuingiza kitu cha aina nyingine alikwama. Kasoro hiyo iliandikwa katika daftari la kasoro za Java mwaka 2005 na kurekebishwa katika Java 9, miaka 12 baadaye. Kwa miaka mingi kati ya hiyo, ndani ya msimbo wa ile ArrayList maarufu palikuwa na maelezo mafupi yenye namba ya kasoro hiyo, pamoja na ukaguzi wa ziada wa kujilinda. Mstari mmoja wa kuvuka daraja uliwashughulisha watu walioujenga mji. Kifaa kitakachokujazia mstari hakijui nani ameishika safu yako upande wa pili, kwa sababu habari hiyo haimo katika mstari. Imo katika makubaliano ya waliojenga mfumo. Na mifumo hiyo si ya kuchezea: DHIS2, iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania na Uganda kukusanya takwimu za vituo vya tiba, imeandikwa kwa Java, na OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliokulia Eldoret, nao ni wa Java.

Kinachonipendeza zaidi ni kuona wajenzi wa lugha wakizidi kuliweka swali hili wazi. Mwaka 2021, Java 16 ilileta njia ya mkato ya kukusanya mkondo kuwa orodha, toList, na maelezo yake yakasema bayana kwamba orodha inayotoka imefungwa, jambo ambalo Collectors.toList ya zamani haikuwahi kuahidi wala kukanusha. Septemba 2023 Java 21 ikaipa kila orodha metodi ya reversed. Mtu angetazamia nakala iliyopinduliwa. Wajenzi walichagua kuvisha: orodha ile ile, ikitazamwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Chukua safu ya majina, ivishe kwa asList, iombe reversed, kisha weka jina jipya katika nafasi ya kwanza ya hicho unachokiona. Rudi kwenye safu. Jina limekaa katika shimo la mwisho.